Mgonjwa wa kiharusi anahitaji nguvu, si mapumziko tu

Mwaka 2023 Uingereza na Ireland zilitoa mwongozo mpya wa pamoja kuhusu tiba ya watu waliopata kiharusi. Mwongozo huo unasema mgonjwa anayejifunza upya kutembea, kutumia mkono au kuzungumza apatiwe angalau saa 3 za tiba ya kumrejeshea uwezo kwa siku, siku 5 kwa wiki. Oktoba mwaka huo huo NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa England, nayo ilitoa agizo kama hilo. Tangu 2013 kiwango kilikuwa dakika 45 kwa kila aina ya tiba anayohitaji mgonjwa.

Kutoka dakika 45 hadi saa 3 si hatua ndogo. Kwetu sisi tunaoishi London huku wazazi wetu wakiwa Tanga, Mombasa, Unguja au Bukavu, habari hii ina uzito wa pekee. Simu ya usiku inayosema "mzee ameanguka, upande mmoja haufanyi kazi" wengi wetu tunaifahamu. Swali ni je, baada ya simu hiyo tunatuma fedha za nini?

London ilivyojisahihisha

Inafaa kukumbusha kuwa wataalamu wenyewe hawakuwa na kauli hii siku zote. Kwa miongo kadhaa wagonjwa wa kiharusi walikatazwa kujikaza au kunyanyua vizito, na moja ya chimbuko la fikra hiyo ni hapa hapa London. Berta Bobath, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, pamoja na mumewe Dr Karel Bobath, walianzisha mjini humu mfumo wa tiba uliosambaa duniani kote. Wao waliona kuwa tatizo kubwa la mgonjwa ni kukakamaa kwa misuli, na kwamba akitumia nguvu nyingi misuli itazidi kukakamaa.

Tusiwavunjie heshima. Ni wao waliosisitiza kuwa upande uliopooza usitelekezwe na mgonjwa akaachwa ategemee upande mzima peke yake. Lakini hofu yao kuhusu nguvu haikuthibitika. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa na kuyapima kwa pamoja. Waliona kuwa mazoezi ya nguvu huongeza nguvu za misuli, humsaidia mgonjwa kwa kiasi katika shughuli zake, na hayazidishi kukakamaa.

Mwaka 2020 ukafuata uchambuzi mkubwa zaidi wa mtandao wa Cochrane, uliojumuisha majaribio 75 na washiriki 3,017. Matokeo yake yanatutaka tuwe waangalifu pia. Mazoezi ya kutembea, ama peke yake ama yakichanganywa na ya nguvu, yalisaidia mwendo na uwezo wa kujimudu. Ushahidi kuhusu mazoezi ya nguvu peke yake ulikuwa bado mdogo. Kwa maneno mengine, kunyanyua uzito pekee hakutoshi. Nguvu inajengwa ili itumike kusimama, kutembea na kubeba kikombe cha chai.

Pengo baada ya hospitali

Kwa upande wa kuokoa maisha, London imepiga hatua kubwa. Mwaka 2010 huduma za kiharusi zilipangwa upya, na wagonjwa wakaanza kupelekwa katika vituo 8 maalum vinavyofanya kazi usiku na mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vifo vilipungua kuliko sehemu nyingine za England.

Hata hivyo, anayeokolewa anarudi nyumbani na mkono usioshika na mguu unaoburura. Tiba ya nyumbani kwa waliotoka hospitali mapema kwa kawaida huwa ni ya wiki 6 hivi. Baada ya hapo wengi hubaki na karatasi ya mazoezi juu ya friji. Ukaguzi wa kitaifa umeonyesha mwaka hadi mwaka kuwa wengi hawapati hata zile dakika 45, sembuse saa 3. Wataalamu ni wachache, na mwongozo peke yake hauajiri mtu. Ndiyo maana yamejitokeza mashirika kama ARNI, lililoanzishwa na Dr Tom Balchin, ambaye mwenyewe alivuja damu kwenye ubongo akiwa kijana. Shirika hilo huwaandaa wakufunzi wa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya nguvu pale hospitali inapoishia.

Jambo hili linatugusa hata sisi wenyewe. Daftari la kiharusi la London ya kusini, ambalo limefuatilia wakazi tangu 1995, limeonyesha kuwa watu weusi hupata kiharusi wakiwa na umri mdogo kuliko wazungu, kwa tofauti inayokaribia miaka 10. Huyo ni mtu ambaye bado anafanya kazi, na mara nyingi ndiye anayetuma fedha nyumbani.

Hali nyumbani

Huko nyumbani nako hali si nyepesi. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta kuwa, baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 316 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, 109 hivi. Utafiti mwingine wa sehemu hizo hizo, uliotolewa mwaka 2008, uligundua kuwa Dar es Salaam wengi walihusisha kiharusi na mapepo au kurogwa na kwenda kwanza kwa mganga, wakati Hai walikimbilia hospitali.

Lakini hata familia inayokwenda hospitali moja kwa moja huweza kukosea hatua ya pili. Mzee akirudi nyumbani analazwa, anakandwa, analishwa kwa kijiko, na kila anayeingia anasema "usimchoshe". Hayo yote ni mapenzi. Lakini msuli usiotumika hunywea, na kila mwezi kitandani unazidi kumwondolea nguvu alizobakiwa nazo. Kumkanda si vibaya, ila hakumjengei nguvu.

Haina maana aburutwe kitandani siku ya kwanza. Jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kuwa kumsimamisha mgonjwa mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo kunaweza kumdhuru. Hali ikishatulia, shinikizo la damu likidhibitiwa na daktari akiruhusu, kazi ianze. Wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2014 mazoezi ya nguvu siku 2 au 3 kwa wiki, kila zoezi likirudiwa mara 10 hadi 15. Hayahitaji jimu. Kuinuka kwenye kiti imara na kukaa tena ni zoezi la nguvu, na chupa ya maji yaweza kuwa uzito wa mkono. Mgonjwa asizuie pumzi anapojikaza, awepo mtu pembeni, na mzigo uongezwe kidogo kidogo. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au udhaifu mpya, aache na apelekwe hospitali.

Nani alipe?

Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuimarisha tiba ya kurejesha uwezo wa wagonjwa. Novemba mwaka huo Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na Oktoba 2024 Kenya ikaanza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii. Kipimo cha bima hizi hakitakuwa idadi ya kadi zilizotolewa tu. Tuziulize: je, mtu aliyepooza atalipiwa miezi ya mazoezi, au siku za kitanda peke yake?

Wakati tukisubiri jibu, sisi wa ughaibuni tuna uamuzi ulio mikononi mwetu. Fedha za dawa za presha zisikatwe hata siku moja. Lakini pamoja nazo, tutume nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo hata mara moja kwa wiki, na tumwombe amfundishe ndugu mmoja wa nyumbani kazi ya siku zilizobaki. Na tunapopiga simu, pamoja na kuuliza kama mzee amekula, tuulize pia leo ameinuka kwenye kiti mara ngapi.