Darasa la Bwana Brown: baba acheka, binti auliza

Jumapili jioni, sahani zimeondolewa mezani, baba anaunganisha simu na televisheni na kuwaita watoto. "Njooni muone kilichokuwa kikituchekesha sisi." Anawafungulia Mind Your Language, kichekesho cha Uingereza kilichoanza mwaka 1977. Hata dakika tano hazijaisha, machozi yanamtoka kwa kicheko. Binti yake wa miaka 13 anamtazama yeye, kisha anatazama skrini. "Baba, kwani wanamchekea nini yule Mhindi? Si anajaribu tu kuongea?"

Mzazi aliyekulia Kenya enzi za stesheni moja ya serikali hahitaji kuelezwa habari za darasa lile. Mwalimu Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anafundisha Kiingereza watu wazima jijini London wakati wa jioni. Mbele yake ameketi Ranjeet, Kalasinga mwenye kilemba, Ali Mpakistani, Giovanni Mwitaliano, Danielle Mfaransa anayewatoa wanaume jasho, na Su-Lee Mchina, asiyekosa neno la Mwenyekiti Mao. Kila mmoja anakivunja Kiingereza kivyake, na mkuu wa shule, Bi Courtenay, anachungulia mlangoni wakati mbaya kuliko wote.

Kwao Uingereza, kipindi hicho ni nadra kukiona. Kampuni ya LWT ilitengeneza sehemu 29 hadi 1979, kisha Michael Grade, aliyesimamia vipindi vyake, akakikata kwa kuona kinawadhalilisha wageni. Sehemu nyingine 13 zilitoka 1986, basi. Cha ajabu, waliozidi kukipenda ni watu wa nchi zilezile zinazochekwa: India na Pakistan. Na Kenya pia, ingawa hakuna Mkenya darasani.

Lakini Mkenya alijiona pale. Shule nyingi zilimvika kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama, na jioni kibao kilileta viboko. Kumbe kuna mwalimu ambaye ukikosea anashika kichwa tu na kuanza upya! Kwa mtoto wa namna hiyo, Bwana Brown alikuwa kama ndoto.

Hilo baba alimweleza binti, naye akasikiliza vizuri. Kisha akamkumbusha shangazi yake aliye Leeds, muuguzi, ambaye kwenye simu alisema siku hizi kazini huongea maneno machache kwa sababu wagonjwa humwiga akishatoka. Baba akapunguza sauti ya televisheni.

Ni swali gumu, na haki si ya upande mmoja. Miaka hiyo BBC ilikuwa na kipindi cha waimbaji Wazungu waliojipaka uso mweusi, nacho kilidumu hadi 1978. Waasia walikuwa wachache mno kwenye skrini. Darasa la Bwana Brown liliwapa kazi Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka, Dino Shafeek wa Dhaka na Pik-Sen Lim wa Penang, tena majina yao yakajulikana nyumba kwa nyumba. Evans mwenyewe, Mwingereza, kazi zilimkauka hadi akaendesha teksi, alifariki 1997. Hata hivyo aliyeandika vichekesho vile, Vince Powell, hakuwahi kuwa mgeni anayeigwa kazini. Hapo binti ameshika penyewe.

Mama, aliyekuwa kimya akikunja nguo, ndiye aliyeingilia. "Wekeni Vitimbi basi, tupumzike."

Ikawekwa. Mzee Ojwang akaingia na koti lake na Kiswahili chake kizito cha Kijaluo, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, binti akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Baba akangoja atulie.

"Unajua yule si Mjaluo? Anaitwa Benson Wanjau. Mkikuyu."

Binti akageuka taratibu. "Sasa Wajaluo walikuwa wanasema nini?"

"Walikuwa wanampenda," baba akajibu. Halafu akafikiri kidogo. "Kesho tumpigie baba yake Akinyi hapo jirani, tumuulize."