Waacheni Watoto Waishike Barafu

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la shule nijibu hoja ambayo mwanangu wa Kidato cha Pili aliileta nyumbani Kabuku wakati wa likizo. Alisema katika mdahalo wao wengi walikubaliana ya kwamba watu wa Nyahururu walikosa akili kuacha kazi zao na kwenda na watoto kutazama barafu. Mimi sikubali hata kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Septemba 2008, mahali paitwapo Busara, karibu na Nyahururu nchini Kenya, ubavu wa kilima uligeuka mweupe pe. Nyahururu iko karibu kabisa na ikweta, ila ni nchi ya juu, yapata mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Watu walitoka, wakubwa kwa wadogo, wakaenda kuushika weupe ule kwa mikono yao. Hawakuwa wamepata kuona kitu kama kile, wakakiita theluji. Baadaye wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe, iliyoanguka kwa wingi ikashikamana chini.

Hapo ndipo wapinzani wangu walipopata nguvu. Walisema mvua ya mawe ni adui wa mkulima, basi mzazi gani atafurahi juu yake? Hoja hii ina uzito. Sisi tulimao mahindi twajua maana ya jani kuchanika, na huko Kericho na Nandi mvua hii huharibu chai mara kwa mara. Lakini nauliza, baba akikaa ndani amenuna, je, jani litaungana? Hasara ataihesabu kesho, shamba halihami. Barafu haingoji, jua likipanda kidogo imekwisha kuwa maji. (Mawe yakiisha kuanguka, bila shaka. Sisemi mtoto atoke kichwa wazi yakiwa bado yanadondoka.)

Tena mtoto aliyeshika punje ile atauliza mwenyewe: imetoka wapi, na huku ni ikweta? Hapo aambiwe kuwa ukipanda hewani, joto hupungua yapata digrii 6 kwa kila mita 1,000. Hata hapa kwetu, siku ya jua kali ambayo mbwa hutafuta kivuli cha mkonge asikipate, yapata mita 5,000 juu ya vichwa vyetu maji huganda. Katika wingu kubwa upepo hurusha matone hadi kwenye baridi hiyo. Yakaganda, yakaongezewa tabaka juu ya tabaka, hata yakawa mazito yakaanguka. Theluji ni nyingine. Hiyo ni mvuke ulioganda huko huko mawinguni kuwa vipande vyepesi, kama ile ya Kilimanjaro ambayo watoto wetu huiona kwa mbali katika dirisha la basi la Moshi. Na barafu ya mlima ule yapungua: zaidi ya robo tatu ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha toweka.

Mtoto wa Busara aliishika barafu, na mzazi wake alikuwapo. Watoto wangu mwenyewe wameisoma kitabuni tu, na nawaonea wivu wale.

Naomba chama cha mdahalo kiirudie hoja hii muhula ujao, na wazazi tualikwe. Mimi nitaketi upande wa watu wa Nyahururu.