Taiwan Iko Mbali, Lakini Deni Liko Hapa Naivasha

Najua unachowaza. Mtu wa Kihoto aliyehama nyumba kwa boti Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2025 ana shida za kutosha. Mambo ya China na Taiwan ni ya nini? Nipe dakika mbili tu.

Kenya ina marafiki wawili wakubwa ambao hawaelewani kuhusu Asia. Juni 2024, Marekani ilitupa hadhi ya mshirika wake mkuu nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata. Aprili 2025, Rais Ruto akaenda Beijing, na taarifa ya pamoja iliyotoka huko ikasema Kenya inaunga mkono juhudi zote za China za kuungana tena na Taiwan. Kufika Agosti, Seneta Jim Risch wa Marekani alikuwa anataka hadhi yetu ichunguzwe upya.

Hebu soma tena: juhudi zote. Zote ni zote, bana. Mazungumzo yamo, na hata mizinga inaweza kuwa ndani. Wewe uliulizwa? Mbunge wako je? Na si mara ya kwanza. Aprili 2016, Kenya iliwapeleka China bara washukiwa 45 wa Taiwan huku serikali yao ikilalamika.

Sasa rudi mtaani. SGR iliyofika upande wetu Oktoba 2019 ilijengwa kwa mkopo wa China. Oktoba 2025, Hazina ikasema imegeuza mikopo ya reli hiyo kutoka dola hadi yuan. Barabara mpya ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita hapa kwetu, inajengwa na kampuni za Kichina pamoja na NSSF, ile pesa inayokatwa kwa mshahara wako wa shamba la maua. Wakubwa hao wawili wakikosana vibaya, moshi utatufikia.

Watatuambia diplomasia haifanyiwi barazani. Sawa, siri za mezani wabaki nazo. Lakini sheria ya mwaka 2012 inataka mikataba ipite Bungeni, na taarifa ya pamoja, kwa kuwa haiitwi mkataba, inapitia dirishani. Tulizibe hilo dirisha. Kila ziara ikiisha, Waziri wa Mambo ya Nje aende Bungeni aeleze tumeahidi nini, kwa nani, na tumepata nini.

Sisemi tuchague Washington au Beijing. Nasema tusiahidiwe kama mbuzi wa mahari, tusikie tu bei imeshakubaliwa.

Mwanasiasa akija kuomba kura 2027, muulize kuhusu maji ya ziwa. Akimaliza kujibu, muulize na hili. Kwa Kikuyu, kihoto ni haki inayosimama kwa hoja. Sisi wa Kihoto tukikosa kudai hoja, nani atadai?