Tingatinga likija mtaani, uliza notisi ya miezi mitatu iko wapi

Wewe unayeishi kwa keja ya mabati, ukisikia “mkataba wa kimataifa” unawaza nini? Mimi nilikuwa nawaza watu wa suti wakila sambusa mkutanoni kule Gigiri. Niliacha chuo mwaka wa pili na sheria sikuisomea. Lakini kesi ya kijiji cha Mitumba ilinifungua macho.

Mitumba ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi. Mwaka 2011 wakazi wake, zaidi ya familia 3,000, walipewa siku saba wahame. Wakakimbilia kortini, wakapata agizo la kusimamisha ubomoaji. Novemba mwaka huo nyumba zao zikabomolewa hata hivyo.

Mkataba unaingia wapi hapo? Mwaka 1972 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, unaotambua haki ya kila mtu kuwa na makao ya kutosha. Miaka mingi ulikaa tu kwa kabati, kwani korti zetu kwa kawaida zilitaka bunge litunge sheria kwanza. Katiba ya 2010 ikageuza mambo. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba ambao Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu cha 43 nacho kikaandika haki ya makao waziwazi.

Mahakama Kuu iliwapa wakazi ushindi 2013. Mahakama ya Rufaa ikaupindua 2016. Januari 2021, Mahakama ya Juu ikasema hivi: mtu asiye na ardhi aliyekaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma hana hati, lakini ana haki ya makao ambayo korti inaweza kuilinda. Kuhusu miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kufurusha watu, majaji walisema haitubani kama sheria, ila jaji anaweza kuitumia kufafanua haki hiyo.

Bunge nalo lilirekebisha Sheria ya Ardhi mwaka 2016. Sasa notisi ni ya maandishi, isiyopungua miezi mitatu. Wanaobomoa lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi. Watoto, wazee na walemavu lazima walindwe. Ukiisoma utadhani ni ile miongozo ya UN imevaa nguo za Kenya.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ni kitu kingine. Lengo la 11 linataka makao salama na ya bei nafuu kwa wote kufikia 2030, lakini huwezi kumshtaki mtu kwa kukosa kulitimiza. Hilo ni la kuwakumbusha wanasiasa wakati wa bajeti.

Sasa ukweli mchungu. Uamuzi wa 2021 ulikuja karibu miaka kumi baada ya nyumba kubomolewa, na hata hapo kesi ilirudishwa Mahakama Kuu iamue wakazi watafidiwa vipi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Mitumba alikuwa tayari kijana mkubwa.

Kwa hivyo usingoje vumbi litue. Notisi ikibandikwa ukutani, ipige picha. Hesabu siku. Zikipungua miezi mitatu, tafuteni wakili pamoja kama mtaa, mapema. Karatasi ya 1972 haiwezi kusimama mbele ya tingatinga. Wewe ukiijua, angalau unaweza kufika kortini kabla yake.