"Kids" Wasifiwe, "Batoto" Wachekwe?

Walimu wenzangu, upo ugonjwa ulioingia madarasani mwetu ambao hatuna budi kuutaja kwa jina lake, nao ni kasumba. Mwanafunzi akisema "kids" mahali pa "children", mwalimu hutabasamu na kumsifu kwamba sasa anakijua Kiingereza cha wenyewe. Mwanafunzi yule yule akisema "batoto" mahali pa "watoto", mwalimu hukunja uso, darasa likaangua kicheko, na mtoto akaketi na aibu yake. Mwalimu huyo amekosea mara mbili: amesifu asichokijua na kulaani asichokijua.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni ufuko wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Huko Kibemba ndicho lugha ya mkoa, Kiingereza ndicho lugha ya serikali, na ng'ambo ya ziwa, Kilwa na Pweto, ni Kongo. Wachuuzi wa samaki wa pande mbili huelewana kwa Kiswahili. Tena mwaka 2018 yalifunguliwa wilayani humo makazi ya Mantapala kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao walikuja na Kiswahili chao. Mtoto wa namna hiyo amepoteza nyumba na shamba. Kilichobaki mikononi mwake ni lugha yake. Je, nayo tumpokonye kwa kicheko?

Tuanze na hilo "kids" linalosifiwa. Maana yake ya asili ni wana wa mbuzi. Waingereza walianza kuwaita watoto hivyo kwa mzaha, nalo likawa neno la msimu kwa karne nyingi kabla ya kuzoeleka. "Guys" nalo latokana na Guy Fawkes, yule aliyekamatwa mwaka 1605 katika njama ya kulilipua Bunge la Uingereza. Sanamu zake zikachomwa moto kila mwaka, kisha mtu aliyevaa ovyo akaitwa "guy", hata mwisho kila mwanamume akaitwa hivyo. Na "OK", ambayo dunia nzima huitamka, ilichapwa katika gazeti la Boston mwaka 1839 kama utani wa watu walioandika tahajia vibaya kwa makusudi. Si haya kuyajua maneno haya. Haya ni kuyaheshimu kwa sababu tu yametoka ng'ambo.

Sasa tutazame "batoto". Je, ni msimu? La hasha! Wataalamu wa lugha za Kibantu wanatuambia kwamba kiambishi cha kale cha ngeli ya watu kilikuwa ba-, na wa- ya pwani imetokana nacho. Mbemba husema "abantu" na "abana", na jirani yake wa Kongo husema "bantu" na "batoto". Basi mtoto anayechekwa ametamka umbo lililo la kale kuliko lile la mwalimu wake. Hiyo ni lahaja, nayo ina mizizi. Livingstone alipofika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia katika nchi hizo. Kwa hiyo Kiswahili si mgeni wa juzi katika ufuko huo. Kiingereza ndicho kilichokuja nyuma yake.

Wako watakaosema: "Mtihani hautaki batoto." Kweli, hautaki. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifu, nasi tunaufuata kwa manufaa ya wote. Lakini usanifu ni mapatano, si hukumu juu ya akili za watu. Mwanafunzi na aambiwe: "Nyumbani tunasema batoto, katika insha tunaandika watoto." Hapo atakuwa na lugha mbili, wala hatakuwa na aibu hata moja. Mbona mtihani wa Kiingereza nao hauitaki "kids", na hatumcheki mtu? Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Tusiyafukuze maneno ya msimu darasani, maana hata Waingereza hawakuyafukuza. Francis Grose aliyakusanya katika kamusi yake mwaka 1785. Kinachotupasa ni kuyafundisha pamoja na mipaka yake. Kila neno la namna hiyo liulizwe maswali matatu: Linasemwa wapi? Linaambiwa nani? Linadumu hata lini? Mtu wa London huiita pauni "quid". Kijana wa Dar es Salaam huiita shilingi elfu moja "buku". Na Zambia elfu moja iliitwa "pin", hata mwaka 2013 serikali ilipoondoa sufuri tatu katika kwacha. Ukimwambia mwenye duka wa London habari za "pin", atakutolea pini ya kushonea. Vilevile anayeandika barua ya kuomba kazi na kumwita mkuu wa ofisi "guy", asishangae asipojibiwa. Si bure lugha yetu ikaliita neno la namna hii msimu: huja na mvua zake, likaondoka nazo.

Basi, ndugu zangu, kesho mwingiapo darasani chukueni chaki, mgawe ubao sehemu tatu: msimu, lahaja, usanifu. Wanafunzi wenyewe walete maneno, ya Kiingereza na ya kwao, na kila neno walipeleke mahali pake kwa hoja. "Kids" na likae panapolistahili. "Batoto" nalo likae panapolistahili, na yule mtoto wa Mantapala asimame aliambie darasa kwao wanasemaje.