Gari Lenye Ndugu Wengi

Mwaka jana, Ijumaa moja jioni, nilipata simu kutoka Nansio. Mpigaji alikuwa mjomba wangu, karani mstaafu wa serikali, mtu ambaye aghalabu hapigi simu ila pana msiba au harusi. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za watoto, alishusha sauti akasema:

"Mpwa wangu, kiinua mgongo kimetoka. Nimeona gari kule Mwanza. Nataka uje ulitazame kabla sijatoa fedha."

"Gari la aina gani, mjomba?"

"Refu, jeusi, lina viti vya ngozi. Mwenyewe anasema nikichelewa hadi Jumatatu, yuko mtu wa Geita atalichukua."

Ndugu msomaji, kama umewahi kutafuta gari lililokwisha tumika, bila shaka unamfahamu mtu huyo wa Geita. Hana jina wala sura, lakini fedha zake ziko tayari siku zote, na kazi yake ni moja tu: kumtia mnunuzi haraka ili asifungue boneti.

Kiinua mgongo si mshahara. Mshahara ukipotea mwezi huu, mwezi ujao huja mwingine. Kiinua mgongo huja mara moja katika maisha ya mtu. Mjomba alikuwa na nyumba ambayo vyumba vyake viwili havijaezekwa. Alikusudia gari lichukue abiria kutoka gatini Nansio kwenda Bukindo, Murutunguru na Kagunguli, ili mapato yake yamalizie paa. Kwa hiyo nilifunga safari. Yeye na mkazamjomba walivuka kwa meli, mwendo wa saa tatu hivi, tukakutana Mwanza.

Injini iliyoamshwa mapema

Tuliahidiana na mwenye gari saa tatu asubuhi. Sisi tukafika saa mbili na nusu, pamoja na fundi tuliyemtafuta wenyewe. Fundi huyo aliweka kiganja juu ya boneti, kisha akanitazama. Boneti lilikuwa la moto. Mwenye gari alieleza kwamba alikuwa ametoka kununua maziwa.

Yafaa ieleweke kwamba injini yenye ugonjwa husema ukweli ikiwa baridi. Ikishapata moto, kelele hupungua na moshi hufifia. Tukaomba radhi, tukasema tutarudi kesho alfajiri, na gari lisiguswe. Kesho yake, ufunguo ulipozungushwa, ulitoka moshi wa bluu uliokaa hewani kama ukungu wa ziwani. Fundi akatufundisha tofauti. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya injini. Moshi mweusi ni mafuta kupita kiasi. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi ni mvuke tu, usiwe na hofu; lakini mweupe usiokoma ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia mahali pasipo pake. Alipofungua kifuniko cha oili, chini yake palikuwa na utando mweupe kama mtindi. Hapo alitikisa kichwa. Maji na oili vilikuwa vimekutana, na aghalabu hilo humaanisha gasketi ya silinda hedi imekufa.

Kuna mambo mengine ambayo hata asiye fundi aweza kuyaangalia. Tazama mpira wa pedali ya breki: gari linalodai kutembea kidogo haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma. Inua zulia, unuse kama pana unyevu. Soma ubavu wa tairi, utakuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno yote na bado likawa zee. Ukiliendesha, achia usukani kidogo mahali palipo wazi na salama, uone kama gari linakwenda upande.

Makaratasi nayo ni gari

Mjomba, kwa kuwa ni karani, alisimama imara katika jambo la kadi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma lazima ilingane na iliyoandikwa katika kadi, na jina lililo katika kadi liwe la huyo anayepokea fedha. Ukinunua bila kuhamisha umiliki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, umenunua mzozo: gari liko kwako, lakini kisheria ni la mwingine.

Wazee wengi bado huulizia madeni ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017, na fidia yake ikawekwa katika bei ya mafuta. Siku hizi linalokupasa kuulizia ni faini za barabarani na ushuru wa maegesho, kwa kuwa madeni hayo hufuata namba ya gari. Hali kadhalika, hakikisha bima kwa kutumia namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima; usiridhike na karatasi unayoonyeshwa. Na kwa anayekusudia kubeba abiria kama mjomba, bima ya gari la binafsi haitamfaa siku ya ajali. Anahitaji bima ya biashara pamoja na leseni ya LATRA.

Mjomba aliniuliza kama si bora kuagiza Japani moja kwa moja. Hakuna ubaya. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na ndiyo maana magari yao yametujaa. Ila bei unayoiona katika tangazo si bei ya gari mlangoni kwako. Ongeza ushuru, ambao huzidi kwa gari lenye umri wa miaka minane na zaidi. Ongeza gharama za bandari, kisha safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mkazi wa Ukerewe aongeze tena nauli ya kivuko.

Swali la mkazamjomba

Mwenye gari alipoona tumenyamaza, alipunguza bei. Nilimwona mjomba akianza kulegea, maana viti vile vya ngozi vilikuwa vimekwisha mwingia moyoni. Akasema gasketi ni kitu kidogo, itatengenezwa. Ndipo mkazamjomba, ambaye tangu jana hakuwa amesema neno, alipomgeukia muuzaji.

"Baba, gari hili likiharibika sisi tukiwa Nansio, kipuri chake kitatoka wapi?"

"Dar es Salaam, mama. Vingine huagizwa Dubai."

"Basi gari litakuwa Nansio na matumbo yake Dubai," akasema, akachukua mkoba wake.

Tuliondoka bila kununua. Mjomba hakusema nami mpaka jioni.

Nimelifikiri sana swali lile, na leo nathubutu kusema kwamba ndilo la kwanza kuulizwa, hata kabla ya bei. Nansio ni kisiwani. Kila gari lililoko Ukerewe limevuka maji, ama kwa meli kutoka Mwanza, ama kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Na kila plagi, kila breki, kila shokamzoba huvuka vivyo hivyo. Aishiye Mwanza mjini, gari likimlalia asubuhi, jioni huenda akawa barabarani. Wa kisiwani hungoja meli. Na gari la abiria linalongoja meli halileti fedha, bali hula zilizobaki.

Waliporudi nyumbani, mjomba alifanya jambo ambalo nawasihi wasomaji waliige. Alichukua daftari, akachora safu kwa rula kama alivyokuwa akifanya ofisini, akaketi karibu na gati asubuhi mbili mfululizo. Kila gari lililopita aliliandika aina yake. Aina mbili tu, magari madogo yenye buti refu la kubebea mizigo, zilijaza zaidi ya nusu ya ukurasa. Halafu akawauliza madereva wake: breki mnanunua wapi, kwa siku ngapi, na fundi gani hulijua? Gari refu jeusi lenye viti vya ngozi halikuwa na ndugu hata mmoja katika daftari lile.

Gari lina ndugu kama mtu. Lenye ndugu wengi mtaani, spea zake ziko dukani, fundi amekwisha fungua injini kama yake mara nyingi, na likifa kabisa, milango yake hununuliwa. Lisilo na ndugu, kila fundi hujifunzia kwake, na karo unalipa wewe.

Fedha za pili

Baada ya miezi miwili mjomba alinunua gari la aina aliyoihesabu. Halikuwa jeusi wala refu. Tulikubaliana asitumie fedha zote alizotenga. Sehemu moja ya tatu ibaki benki kwa ajili ya kuhamisha umiliki, bima, tairi na matengenezo ya mwanzo. Ukiona fedha zako zote zinaishia katika bei, gari hilo ni kubwa kuliko mfuko wako.

Nilimwachia maagizo matatu, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria.

La kwanza ni rejeta. Usiijaze maji ya ziwa kwa ndoo. Si ya chumvi, lakini huleta tope na uchafu unaoziba mirija. Tumia maji maalumu ya rejeta yazuiayo kutu. Tena kumbuka kwamba ziwa letu liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifikia nyuzi 96 hivi za Sentigredi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoshikilia mgandamizo ili yasichemke upesi. Kikilegea, kibadilishe bila kuchelewa. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto.

La pili ni themostati. Baadhi ya mafundi hukushauri itupwe ili injini ipoe. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na huchakaa upesi. Kama imekufa, inunuliwe nyingine.

La tatu ni kivukoni. Vuta breki ya mkono, weka gari katika gia ya kuliegesha, abiria wote washuke. Mzigo ulio ndani ya buti utajwe kwa wahusika, usifichwe. Watu wa Ukerewe hawahitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia Ukara kikiwa kimezidiwa, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kila kilo isiyotajwa ni uzito ambao nahodha haujui.

Juma lililopita nilimpigia mjomba kumjulia hali. Shokamzoba ya mbele ilikuwa imevuja. Nikamwuliza meli inafika lini.

"Meli ya nini?" akajibu. "Kipuri nimekipata hapa hapa Nansio, na fundi amekwisha kifunga. Sasa hivi natoka kuchukua abiria."

Chumba kimoja kimekwisha ezekwa. Cha pili kinangoja mabati. Na kwa kuwa nilikuwa na shughuli Mwanza, nilipita pale tulipoliona lile gari jeusi. Liko pale pale, limeoshwa vizuri. Mtu wa Geita hajafika.

Msomaji uliye na fedha mkononi leo na hamu moyoni, subiri wiki moja. Chukua daftari, ukae mahali magari ya mtaani kwako yanapopita, uhesabu. Kisha mwulize mama watoto swali la kipuri, naye akuulize wewe. Mkipata jibu, nendeni mkafungue boneti, injini ikiwa baridi.