Mbuzi wa Maziwa Apewe Nafasi Penye Meza za Kazi za Mikono

Kila inapowadia Nane Nane, sikukuu yetu ya wakulima Tanzania, viwanja vya maonyesho hugawanywa mafungu: mifugo huku, mazao kule, na kazi za mikono mbali kabisa, karibu na wauza chakula na vipaza sauti vya muziki. Mbuzi wa maziwa husimama zizini katika fungu la kwanza, juu yake pamebandikwa jina la mbegu yake, na watoto wa shule humtazama kidogo kisha wakamkimbilia fahali. Ilhali sabuni iliyotengenezwa kwa maziwa yake, jibini lake, na mkoba wa ngozi ya jamaa zake hupangwa mezani katika fungu la mwisho, na anayevinunua haambiwi vimetoka kwa nani wala kwa taabu gani. Baina ya zizi na meza ile ni mwendo mrefu wa juani, na ni wachache wanaoukamilisha. Rai yangu, ninayoileta mbele ya wasomaji kwa taadhima, ni kwamba utengano huo ni hasara kwa mfugaji na kwa mnunuzi pia, na kwamba mahali panapofaa kuufundisha umma habari za mbuzi wa maziwa ni kwenye kibanda cha mwenye kuuza kazi ya mikono yake, kuliko katika banda la wataalamu.

Sisemi hivi kwa kuwadharau wataalamu, maana bila ya juhudi yao huenda tusingekuwa na mbuzi wa kuzungumzia. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilicho chini ya milima ya Uluguru mjini Morogoro, kilipokea mbuzi wa maziwa kutoka Norwei katika miaka ya 1980, na kwa msaada wa nchi hiyo mbegu ile ikapanda mlima hadi Mgeta, ambako mashamba yamening'inia kwenye miteremko mikali na ng'ombe mkubwa hana pa kugeukia. Mbuzi alifaa huko kwa sababu hula akiwa bandani, juu ya sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi, na samadi inayoanguka chini hurudi kwenye matuta ya mboga ambazo Mgeta huziuza hata Dar es Salaam. Majirani zetu wa Kenya nao walifuata njia yao: upande wa Meru walienezewa Toggenburg, mbuzi wa Kiswisi mwenye mistari myeupe usoni, akazalishwa na mbuzi wa kienyeji, upande wa Nyeri wakamshika Alpine aliyetoka Ujerumani. Katika kazi hizo zote mfugaji alifundishwa kujenga banda, kukata majani tembo na lukina, kuhifadhi matembele, kuogesha dhidi ya kupe, na kuandika daftari la beberu ili asije akampanda binti yake.

Lakini tazama, elimu hiyo yote ilimwelekea mwenye kukamua, na mwenye kunywa hakutengewa hata somo moja. Matokeo yake ni dhahiri: maziwa ya mbuzi hunywewa nyumbani kwa mfugaji au kwa jirani yake, na yakifika mjini hukutana na mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba yananuka, bila ya kuwahi kuyaonja. Mfugaji aliyeambiwa aongeze lita akaziongeza, sasa amesimama na ndoo yake asijue ampelekee nani. Ni ajabu kiasi gani kumfundisha mtu kuzalisha kitu kwa miaka 30 na zaidi, halafu mnunuzi wa kitu hicho akaachwa na dhana alizorithi kwa shangazi zake!

Hapo ndipo meza ya kazi za mikono inapoonyesha fadhila yake. Mtu aendaye kwenye banda la elimu huenda kwa hiari kidogo na hutoka na karatasi ambayo aghalabu hufungiwa karanga kabla ya magharibi. Bali mtu aliyeshika mche wa sabuni mkononi, akaunusa na kuugeuza, huwa tayari ameuliza swali hata kama hajafungua kinywa. Anayemjibu si mtu wa kusoma hotuba. Ni yule yule aliyeamka alfajiri akakamua, na mnunuzi anaweza kuviona vidole vyake.

Na ya kueleza ni mengi, tena matamu. Sabuni ya maziwa, mathalani, haitengenezwi kwa maziwa matupu kama wengi wadhanivyo: mafuta, yawe ya nazi au ya mawese, ndiyo mwili wake, soda kali iitwayo kostiki ndiyo inayoyageuza mafuta hayo, na maziwa huchukua mahali pa maji. Soda ile ikikutana na kimiminiko hutoa joto la kuunguza, na sukari iliyomo katika maziwa huungua nalo, sabuni ikawa ya hudhurungi na yenye harufu isiyopendeza. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa huyagandisha maziwa yakawa barafu kwanza, ndipo akayanyunyizia soda kidogo kidogo, mikono imevikwa glavu na macho yamekingwa. Kisha sabuni hukatwa na kuachwa rafuni wiki nne au zaidi ipate kukauka na kutulia. Mnunuzi akiyasikia haya hatauliza tena kwa nini mche huu haulingani bei na wa dukani, au akiuliza, atauliza kwa adabu.

Maziwa yenyewe yana mambo yanayowatia watu shaka bure. Siagi ya mbuzi ni nyeupe pe, na mtu aliyezoea umanjano wa siagi ya ng'ombe hudhani ameuziwa mafuta ya mgando, ilhali sababu ni kwamba mbuzi huigeuza rangi ya manjano itokayo katika majani kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye maziwa. Kadhalika malai yake hayapandi juu upesi, kwa kuwa chembe za mafuta yake ni ndogo na zimetawanyika. Basi mteja akikilaza chombo usiku kucha na asubuhi asione utando mnene, humshitaki muuzaji kwamba ametia maji. Ni wafugaji wangapi waaminifu waliokwisha kuitwa wezi kwa sababu ya elimu hiyo ndogo isiyotolewa? Ama harufu, ambayo ndiyo hoja kubwa ya wapinzani, mara nyingi chanzo chake ni beberu aliyefungwa karibu na majike wanaokamuliwa, au kiwele kisichosafishwa, au ndoo ya plastiki iliyoshika uchachu. Nimepata kumsikia mama mmoja muuzaji akiulizwa na kijana, "Mama, haya si yatakuwa yananuka beberu?" naye akajibu pasipo kukasirika, "Beberu nimemfunga mbali, mwanangu. Onja kwanza, ndipo unihukumu." Kijana akaonja, akanyamaza, akanunua chupa. Sijui mhadhara gani ungelifanya kazi hiyo kwa muda mfupi kama ule.

Liko jambo jingine ambalo kibanda hulisema vizuri kuliko mahali popote, ingawa wauzaji wengi hulikwepa. Ili mbuzi atoe maziwa hana budi kuzaa, na baada ya miezi mitano ya mimba watoto anaowazaa, takriban nusu yao ni madume. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza yaliyo mazito, ni haki ya watoto wote, madume na majike, wala muungwana hayauzi; lakini beberu wanaohitajika katika kijiji ni wachache, na madume waliobaki huishia kuwa kitoweo. Mkoba wa ngozi uliolazwa kando ya jibini ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Mtu wa mjini apendaye kumpiga picha mwanambuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kwa kuwa ngozi iliyotumika kwa ufundi ni heshima kubwa kuliko ngozi iliyotupwa jalalani, na bei njema ya mkoba humwezesha mfugaji kumlisha vizuri yule mbarika ambaye kesho ndiye atakayekamuliwa.

Sasa nafika mahali ambapo siwezi kuwasifu wenye vibanda. Uongo umeingia mezani. Utasikia maziwa ya mbuzi yakitangazwa kuwa ni dawa ya pumu, ya vidonda vya tumbo, ya kisukari na ya kila maradhi yenye jina, na sabuni yake ikisifiwa kwamba huondoa magonjwa ya ngozi ambayo madaktari wameyashindwa. Hii ni hadaa, hata ikisemwa kwa tabasamu. Maziwa ya mbuzi ni chakula bora, yana protini na chokaa ya mifupa, na watu wengine huyaona mepesi tumboni. Hilo latosha kuwa sifa. Lakini sukari ya maziwa imo ndani yake karibu sawa na katika ya ng'ombe, na mtoto anayedhuriwa na protini ya maziwa ya ng'ombe kwa kawaida hudhuriwa na ya mbuzi pia, kwa kuwa protini hizo zinafanana mno. Hatari zaidi ni kumwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba ampe maziwa ya mbuzi badala ya ziwa lake: maziwa hayo yana upungufu wa foleti, na mtoto aliyelelewa kwa hayo peke yake huweza kupungukiwa na damu. Muuzaji asemaye kweli juu ya mambo haya atapoteza mteja mmoja leo, naam, na asiyesema kweli atayapotezea maziwa ya mbuzi jina lake katika nchi nzima.

Wala tusidhani kwamba kumkamua mbuzi mbele ya mnunuzi ni ithibati ya usalama. Katika kisiwa cha Malta, zamani za utawala wa Waingereza, mbuzi walipitishwa mlango kwa mlango wakakamuliwa machoni pa mwenye nyumba, na kila mtu aliridhika kwa kuwa aliyaona maziwa yakitoka kiweleni; huku askari na raia wakilazwa kwa homa isiyokwisha, yenye kwenda na kurudi. Tabibu wa jeshi, David Bruce, alikigundua kijidudu cha homa hiyo mwaka 1887, lakini ilipita miaka mingi hata mwaka 1905 Themistocles Zammit, tabibu wa Kimalta, akaonyesha kwamba kijidudu kimo katika mbuzi waliokuwa wakionekana wazima kabisa. Askari walipokatazwa kunywa maziwa yale mwaka uliofuata, homa ilishuka upesi miongoni mwao. Ugonjwa huo ndio brusela, uharibuo mimba za mifugo, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki upo. Kinga yake kwa mnunuzi ni kuyachemsha maziwa, na kibanda kinachoonjesha maziwa mabichi hakistahili leseni.

Najua yatasemwa yafuatayo: mbuzi akisogezwa karibu na meza za vyakula na nguo ataleta nzi, na mnyama atateseka kwa joto na makelele. Hoja hii ni ya haki, lakini jibu lake si gumu. Haihitajiwi kundi, yatosha jike mmoja mpole na mwenzake, kwa kuwa mbuzi mmoja peke yake hulia mchana kutwa, wakae kivulini penye maji na majani, mbali kidogo na vyakula, waletwe saa ya kukamuliwa jioni tu, na pawe na bomba la kunawia mikono kwa watoto watakaowagusa. Wengine watasema kwamba mama wa kibandani hana shahada ya kufundisha umma. Basi bwana mifugo na aende kukaa naye saa moja kila siku ya maonyesho, amsahihishe atakapokosea, naye mwenyewe asikie wateja wanauliza nini, maana nadhani hayo hajawahi kuyasikia akiwa nyuma ya bango lake.

Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2004, huadhimisha Wiki ya Maziwa ambayo kilele chake ni tarehe 1 Juni, na humo ng'ombe ndiye anayetawala maongezi. Naiomba iwatengee wafugaji wa mbuzi meza, na iwape kijikaratasi kimoja cha maneno yaliyothibitishwa, ili anayenadi sabuni na jibini ajue yapi anaweza kuyadai na yapi ni haramu kwake kuyatamka. Na waandalizi wa Nane Nane, ambao ramani za viwanja zimo mikononi mwao, nawasihi waiondoe mipaka baina ya zizi la mbuzi na meza za kazi za mikono kabla ya kuanza kugawa vibanda vya mwaka ujao, na ada ya kibanda kwa mfugaji anayeuza kazi yake mwenyewe ipunguzwe hadi kiasi ambacho mtu wa Mgeta ataweza kukilipa na bado akabaki na nauli ya kurudi nyumbani.